Mtarajali na orodha ya mahudhurio

Mwezi wa Juni unapofika, vyuo vikuu vyetu nchini Uganda hufunga madarasa, na wanafunzi wengi hutumwa kufanya kazi kwa wiki nane au kumi katika ofisi, hospitali, viwanda na mashamba. Kwa Kiswahili mwanafunzi wa namna hiyo huitwa mtarajali, na kipindi chake huitwa utarajali. Ukilisikiliza neno hilo kwa makini utasikia ndani yake kitenzi kutarajia, naye kweli ni mtu anayetarajia: anatarajia ujuzi, anatarajia alama, na pengine, Mungu akipenda, ajira.

Wale wanaosomea kilimo, mifugo au maendeleo ya jamii mara nyingi hupangiwa ofisi ya ugani ya kaunti ndogo, yaani ngazi ya tatu ya serikali zetu za mitaa. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza hucheka wanapolisikia neno ugani, wakidhani nimekosea kutamka jina la nchi yetu. Asili yake ni uga, uwanja ulio wazi mbele ya nyumba au katikati ya kijiji. Afisa ugani, ambaye wazee bado wanamwita bwana shamba, ni yule anayetoka ofisini akaenda ugani kuwafikishia wakulima maarifa, kisha akarudi na matatizo yao ili wakubwa wayajue. Hiyo sehemu ya pili, ya kurudi na matatizo, ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo.

Nianze na simu niliyopigiwa usiku mmoja wa mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita.

Aliyenipigia alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, kijana aliyekulia Buganda na aliyekuwa mwaka wa tatu akisomea kilimo. Chuo kilikuwa kimempeleka katika kaunti ndogo moja ya Bunyoro ambako mahindi hulimwa kwa wingi, na ambako watu wa makabila mengi huishi kijiji kimoja: Wanyoro, Waalur, Waacholi, Walugbara, na familia zilizotoka Kongo na Sudan Kusini. Kinyoro hakukijua. Kiingereza hakikumfikisha mbali mara alipotoka nje ya lango la ofisi. Wiki ya kwanza alichemsha chai, akatoa nakala za barua na kupanga upya kabati la mafaili, kama ilivyo desturi ya watarajali wengi. Wiki ya pili afisa ugani, mzee aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alimsikia akiongea Kiswahili na dereva wa lori la mahindi. Siku iliyofuata akampandisha nyuma ya pikipiki na kwenda naye vijijini. Naungama kwamba kijana aliponisimulia hayo nilijivuna kidogo. Mwalimu wa Kiswahili katika nchi hii huulizwa kila muhula somo lake lina faida gani. Hapo nilikuwa na jibu lililopanda pikipiki.

Kazi yao katika wiki hizo ilikuwa kuwafundisha wakulima namna ya kukausha mahindi. Wenzetu wa Ulaya huuita wakati huu majira ya joto na kwenda ufukweni. Kwetu ni wakati wa mavuno ya msimu wa kwanza, na mara nyingi mvua za pili huanza kabla nafaka haijakauka. Mahindi yakianikwa juu ya udongo mtupu, yakanyeshewa, kisha yakatiwa guniani yakiwa na unyevu, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hiyo hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa. Hudhuru ini, na anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi humkaribisha saratani. Ikiliwa kwa wingi huua upesi: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku kadhaa mahindi ya Uganda na Tanzania mpakani kwa sababu hiyohiyo, na malori yakapanga foleni. Kwa hiyo ukimsikia bwana shamba akisema habari za maturubai na kuanika, usidhani ni mazungumzo ya kupoteza wakati. Anazungumzia maini ya watoto na bei ya gunia.

Kijana wangu alijifunza hila moja aliyoipenda sana, na ambayo ninyi pia mnaweza kuijaribu nyumbani. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi, ongeza chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isipogandamana, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, ingawa kwa kuuza inabidi uendelee kuanika, maana kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Hakuna umeme unaohitajika, wala kifaa cha kuagizwa kutoka ng'ambo. Chupa na chumvi tu, na mtu wa kueleza kwa lugha inayosikika.

Basi, mafunzo yalipangwa katika parishi mojawapo, parishi ikiwa ngazi iliyo chini ya kaunti ndogo. Fedha zilizotolewa zilikuwa za watu 40: soda, nauli, karatasi na kalamu. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Walifika watu 13, wengi wao akina mama, wakakaa chini ya paa la kanisa, wakatikisa chupa, wakauliza maswali hadi saa nane mchana. Kijana alisema ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu afike.

Jioni, ofisini, afisa alimpa karatasi ya mahudhurio yenye mistari 40 na kalamu tatu zisizofanana wino.

"Mwanangu, una mwandiko mzuri. Malizia hapo."

"Mzee, hao wengine ni akina nani?"

"Ni watu wa hapahapa. Wangekuja, kama si mvua."

Msiharakishe kumhukumu mzee huyo. Kijana alinieleza mambo ambayo ningependa nanyi myajue. Fedha za mafuta ya pikipiki hazikuwa zimefika tangu mwezi wa Aprili. Mzee alikuwa akinunua mafuta kwa mshahara wake, na tairi la nyuma lilikuwa limekwisha hata nyuzi zinaonekana. Nauli na soda za watu 27 wasiofika zingetosha kununua tairi na mafuta ya mwezi mzima. Hakutaka kujenga nyumba kwa fedha hizo. Alitaka kufika vijiji viwili ambavyo hakuwa amevifikia mwaka ule. Na bado alichomwomba kijana afanye ni kughushi.

Simu ilipopigwa, karatasi ilikuwa mezani mbele ya kijana, ikiwa na majina 13. Aliniuliza, "Mwalimu, nifanye nini? Huyu ndiye anayenipa alama." Nami, mwalimu wa uraia, ninayesimama mbele ya darasa kila wiki nikisema habari za haki na wajibu, nilimjibu hivi: "Umebakiza wiki tatu. Andika, chukua alama zako, uondoke." Nilisema hivyo kwa kumhurumia. Nilijua mama yake aliuza nini ili alipe karo ya muhula ule. Lakini nilipokata simu sikupata usingizi, na mpaka leo jibu hilo linaniuma.

Hakunifuata. Alipiga mstari chini ya jina la kumi na tatu, akaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa fomu ilikuwa ya Kiingereza, kwamba waliohudhuria ni 13 na kwamba mvua ilikuwa kubwa, akatia sahihi yake. Asubuhi alimkabidhi mzee. Mzee aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati, hakusema neno. Wiki iliyofuata kijana aliona ndani ya faili orodha yenye majina 40, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Yeye hakupandishwa tena pikipiki. Alirudi kwenye birika la chai. Daftari lake la kazi lilicheleweshwa mhuri hadi siku ya mwisho, na alama alizopata zilikuwa za kupita tu.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda, na maoni yangu ni kwamba orodha ile ya uongo ilimdhuru zaidi mzee mwenyewe na wale watu aliotaka kuwafikia. Hebu tazama inasomwaje kule wilayani. Anayeisoma anaona kwamba mafunzo yalifanyika, watu 40 walifundishwa, fedha zote zilitumika kama zilivyopangwa. Haoni mvua. Haoni tairi. Haoni kwamba mafuta hayajaja tangu Aprili, kwa sababu ofisi isiyo na mafuta iliwezaje kufundisha watu 40? Kwa hiyo bajeti ijayo haitabadilika. Na parishi ile itawekewa alama ya kuwa imekwisha kufundishwa, ndipo zamu iende kwingine. Wale 27 ambao majina yao yaliandikwa, kwa mujibu wa karatasi, wamejua habari za sumukuvu na chupa ya chumvi. Nyumbani kwao mahindi yanaendelea kuanikwa juu ya udongo. Hakuna atakayerudi kuwaambia, maana serikali inaamini walikwisha kuambiwa.

Orodha ya watu 13, yenye maneno "mvua kubwa" na, laiti mzee angeongeza, "hatuna mafuta tangu Aprili", ingekuwa malalamiko yake bora kuliko barua yoyote. Labda yangepuuzwa. Mengi hupuuzwa. Lakini lile ambalo halikuandikwa haliwezi hata kupuuzwa, halipo.

Kuna jambo la lugha hapa. Katika Kiswahili, neno sahihi lina maana mbili: ni alama ya jina unayoiandika kwa mkono wako, na ni kitu kisicho na kosa. Nawaomba mlikumbuke hilo kila mnapoombwa kutia sahihi ya mtu mwingine.

Wapo watakaosema ninakuza jambo dogo. Soda 27! Katika nchi ambayo magazeti huandika habari za mabilioni yaliyopotea, mwalimu anasumbuka na soda. Ninaielewa hoja hiyo, lakini naipinga kwa sababu mbili. Ya kwanza, fedha za umma hufika kijijini kwa njia ya orodha. Mwaka 2001 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha NAADS, shirika la huduma za ushauri wa kilimo. Baadaye wakaja wanajeshi wakigawa miche na mbegu chini ya Operation Wealth Creation. Mwaka 2022 ukazinduliwa Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ambao hupeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila parishi ili kaya zikopeshwe hadi shilingi milioni moja kila moja. Majina ya mipango hubadilika, na katika yote kuna mtu ameketi na kalamu anaandika nani yumo na nani hayumo. Aliyezoea kuandika jina la mtu asiyekuwepo kwa ajili ya soda, atashindwaje kuliandika kwa ajili ya milioni? Sababu ya pili ni kwamba jina ni mali ya mwenyewe. Mama fulani wa kijiji fulani ameandikwa kwamba alikula, alikunywa, alipewa nauli, alifundishwa. Hajui. Siku akienda kuomba msaada ataambiwa kwamba anaonekana kwenye kumbukumbu kuwa alikwisha kupata.

Wengine watasema mtarajali ni mgeni, tena mtoto. Wiki nane hazimpi haki ya kuvuruga ofisi ya watu wazima. Hapa nakubali nusu. Mtarajali si mkaguzi. Sipendi kabisa kijana anayefika na simu yake akipiga picha za mafaili ili awaoneshe watu mtandaoni, akidhani ndio uzalendo. Hajui ofisi inaendeshwaje, hajui nani anabeba mzigo gani. Anyamaze kwanza, asikilize, achemshe hiyo chai kwa heshima. Chai ya ofisini ina masomo yake, maana ndipo watu huzungumza ukweli. Lakini kukataa kuandika usichokiona si upelelezi, wala si utovu wa adabu kwa mzee. Kijana wangu hakumshtaki mtu. Aliandika 13 kwa kuwa aliwaona 13. Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inaorodhesha wajibu wa raia, na mmojawapo ni kupambana na ufisadi na ubadhirifu wa mali ya umma. Haisemi wajibu huo unaanza baada ya kupata cheti.

Tunayo pia sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda wanaofichua maovu, na ile ya mwaka 2005 inayompa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Nawafundisha zote mbili. Hata hivyo, nisiwadanganye: kijana wa miaka ishirini na mbili, aliye kilomita mia mbili kutoka kwao, anayelala katika chumba cha kupanga na kula kwa deni la dukani, hatasimama peke yake na sheria mkononi dhidi ya mtu atakayempa alama. Kumwambia "kuwa jasiri" ni rahisi kwetu sisi tulio mbali. Ndiyo maana lawama yangu kubwa siipeleki kwa mzee wa pikipiki. Naipeleka kwa vyuo vinavyowatuma hawa vijana, na kwa sisi walimu tuliowatangulia.

Mhadhiri anayekuja kumkagua mtarajali huja mara moja, mara chache mbili. Huingia ofisini, huketi, hufungua daftari, huuliza maswali matatu, hunywa soda (ambayo nayo, nadhani, huandikwa mahali), kisha huondoka kabla ya jua kuzama ili awahi barabara. Hajawahi kumwona mkulima hata mmoja. Laiti angekwenda kwa wawili tu miongoni mwa waliotajwa katika daftari, akawauliza mafunzo yalikuwa ya nini na walikuwa wangapi, desturi nyingi zingebadilika bila kesi wala kelele. Na barua inayompeleka mwanafunzi, ambayo leo husema tu kwamba asaidiwe na apewe kazi, ingeweza kuongeza sentensi moja: kwamba mwanafunzi huyu hatii sahihi kwa niaba ya mtu mwingine. Sentensi hiyo ingempa kijana kitu cha kushika. Angemwambia mzee, "Mzee wangu, chuo kimenikataza," na heshima ya wote wawili ingebaki.

Ipo njia nyingine ambayo ni rahisi zaidi, na naipenda kwa sababu inahusu lugha. Mkutano ukiisha, kabla watu hawajatawanyika, orodha isomwe kwa sauti mbele yao, jina moja moja, kisha idadi itajwe, kisha mstari upigwe chini ya jina la mwisho, na nakala iachwe kwa mwenyekiti wa kijiji. Isomwe kwa lugha wanayoisikia wote. Katika kaunti ndogo ile, lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Fomu zetu ni za Kiingereza, na mkulima huweka dole gumba chini ya maandishi ambayo hajui yanasema nini. Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kitumike hivyo na kifundishwe shuleni kwa lazima. Tumepiga makofi. Lakini fomu ya mahudhurio katika kaunti ndogo bado haijasikia habari hizo.

Na sisi wenyewe je? Daftari la kazi la mtarajali linapaswa kuandikwa kila jioni. Nawafahamu waliolijaza lote usiku mmoja wa mwezi wa Agosti, kwa kalamu tofautitofauti, wakibuni siku arobaini na kitu. Mhadhiri alijua, akatia sahihi. Mtu aliyefanya hivyo ataionaje tofauti kati ya kazi yake na karatasi ya mzee? Nami sijitoi. Katika daftari la darasa langu nimewahi kuweka alama ya "yupo" mbele ya jina la mwanafunzi aliyekuwa bado yuko njiani kwa sababu ya mvua, nikijiambia, "Atafika tu." Ni maneno yaleyale ya mzee: wangekuja, kama si mvua. Siku niliyogundua hilo nilicheka, kisha nikaacha.

Kijana alimaliza shahada yake. Tulipoonana nilimwomba radhi kwa jibu nililompa usiku ule. Alisema alikuwa ameshaamua kabla ya kunipigia, alitaka tu kusikia sauti ya mtu anayemjua. Nilimuuliza kama ana kinyongo na mzee. Alisema hana. Siku ya kuondoka, mzee alimpeleka mwenyewe kituo cha basi kwa pikipiki ileile yenye tairi jipya, akamnunulia muhogo wa kukaanga, akamwambia, "Mwanangu, wewe andika hivyohivyo unavyoandika." Kisha akawasha pikipiki akaenda.

Baadhi yenu mlio kidato cha sita mtakuwa katika ofisi kama hiyo baada ya miaka miwili au mitatu, na wengine mtajitolea mapema zaidi, katika likizo ndefu ya kusubiri matokeo. Ijumaa hii baada ya masomo tutajifunza kuandika taarifa fupi ya mkutano kwa Kiswahili: tarehe, mahali, mada, waliohudhuria, yaliyoulizwa, na yaliyokosekana. Kila mmoja aje na kalamu moja.